Nyeusi Huja Mwisho

Kilichonitia kinyaa kwanza ni mikono yake. Kabla ya sabuni, kabla ya yote nitakayoyasema hapa, ni mikono. Mafuta ya taa na spiriti vilikuwa vimeibabua mabaka mabaka, meupe huku, mekundu kule, na chini ya kucha kulikaa weusi ambao hata maji ya moto hayakuutoa. Kwa mikono hiyohiyo alimega ugali akakukaribisha, nawa mwanangu tule, na yeye mwenyewe hakunawa. Alisema mikono yake imeshaoshwa na dawa kali kuliko maji. Mimi ni nesi, nimefunga vidonda ambavyo nikivieleza utaacha kusoma, lakini ugali wa Mwalimu ulinishinda.

Tulimwita Mwalimu. Alifundisha sanaa katika sekondari niliyosoma pale Same, hadi somo lenyewe lilipokufa kwa kukosa karatasi, akabaki na karakana yake nyuma ya nyumba, upande wa reli, akichapa mabango. Jina lake sitalitaja. Wanaomjua watamjua, na wasiomjua hawajapungukiwa na kitu.

Namna alivyochapa lazima niieleze, maana bila hiyo ubaya wenyewe hautaeleweka. Alichukua fremu ya mbao akaiwamba kitambaa chembamba chenye vitundu. Juu ya kitambaa alichora kwa vanishi, akiziba kila mahali alipotaka wino usipite. Kisha aliilaza fremu juu ya karatasi, akamimina wino ndani, akauvuta kwa kibao chenye ukingo wa mpira, toka juu hadi chini, mara moja, bila kurudia. Wino ulipenya palipoachwa wazi. Kila rangi ilikuwa na fremu yake, na uso wa mtu ulitaka fremu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya rangi hafifu, iliyojaza uso mzima. Ya pili ilikuwa ya udongo, iliyoleta macho, pua na mdomo. Ya tatu ilikuwa nyeusi, na hiyo ndiyo iliyoleta ngozi yenyewe, nywele, makunyanzi, kivuli cha shingo na maandishi ya chini. Kabla ya ile ya tatu, kila mtu wa Mwalimu alionekana kama mgonjwa wa nyongo. Nyeusi ikishavutwa, anakuwa mtu.

"Nyeusi huja mwisho," alikuwa akituambia darasani, akiwa ameinua kibao juu, "na ikija, rangi nyingine zote zinakaa kimya."

Tuliipenda kauli hiyo. Tuliiandika nyuma ya madaftari.

Ilikuwa miaka ya shida. Duka la ushirika lilikuwa na rafu, mizani na mwuzaji, basi. Sukari ilikuwa ya foleni, kanga ilikuwa ya kujuana, na sabuni ilikuwa hadithi. Tulifua kwa majivu na majani ya mpapai, tukaenda kanisani tukinuka moshi wote kwa pamoja, kwa hiyo hakuna aliyemcheka mwenzake. Katika hali hiyo Mwalimu alitaka wino, na hariri ya kuwambia fremu. Hariri aliipata kwa shimizi. Aliwaomba walimu wa kike mashimizi yao yaliyochakaa, bila haya, mbele ya wanafunzi, akieleza kwamba nailoni ya shimizi ina vitundu sawasawa. Mji ukasema yaliyosemwa. Mke wa mkuu wa shule alimpa lake kwa ajili ya ukombozi wa Afrika, na mumewe hakusema na Mwalimu muhula mzima.

Wino mweusi aliutengeneza kwa masizi. Alipita na kopo jiko hadi jiko, akibisha hodi na kuomba kukwangua matako ya masufuria, kisha akayachekecha na kuyakoroga katika uji wa muhogo wenye gundi kidogo. Uji ule ulikaa siku kadhaa ukachacha. Karakana yake ilinuka kwa namna ambayo hadi leo nikipita penye pombe iliyoharibika namkumbuka. Inzi walikuwa wengi, naye aliwatoa kwenye wino kwa kidole, akakipangusa kidole kwenye suruali.

Lakini mabango yalikuwa mazuri, na nitasema hivyo japo kinywa kinakataa. Aliwachapa wapigania uhuru wa kusini, na watu weusi wa Marekani wenye nywele za duara na ngumi juu, na watumwa wenye minyororo iliyokatika, na wahunzi wa Ugweno, milimani kwetu, wakifua chuma wakati ambapo, kama alivyopenda kusema, babu yake mkoloni alikuwa bado anakwaruza ardhi kwa mfupa. Yalibandikwa ofisi ya chama, stendi, na kwenye ukuta wa duka lile tupu la ushirika. Mtu aliyesimama kwenye foleni ya sukari tangu alfajiri, miguu imemvimba, aliinua macho akaona uso unaofanana na wake umetengenezwa kwa heshima. Nimewaona watu wakijiweka sawa nguo zao mbele ya karatasi ile. Mimi mwenyewe niliacha kupaka poda kwa sababu ya Mwalimu. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa. Mtu ambaye hakukupa kitu hawezi kukukasirisha kiasi hiki.

Hata hivyo, tungekuwa na akili tungeona mapema. Mtu yuleyule aliyechapa wahunzi wa Ugweno alikuwa na kibao kingine darasani, cha kuning'inizwa shingoni, na mwanafunzi aliyesikika akisema Chasu, lugha yetu Wapare, alikivaa hadi amsikie mwenzake akifanya kosa hilohilo. Nilikivaa kwa sababu nilipiga chafya na rafiki yangu akaniombea heri kwa lugha ya kwetu, nikamjibu. Nilikaa na kile kibao chini ya picha ya mtumwa anayekata minyororo, na Mwalimu hakuona kitu cha kuchekesha.

Na alipopata mtoto wa kike tulikwenda wanafunzi wachache kumpongeza. Nyuma yake kulikuwa na bango lake maarufu la mama na mtoto, weusi tii, lenye maandishi makubwa kwamba weusi ni uzuri. Mwalimu akafunua nguo kichwani mwa mtoto, akatuonyesha sikio, maana kwetu wanasema rangi ya sikio ndiyo rangi atakayobaki nayo mtoto. Akasema kwa furaha ya kweli kwamba, ashukuriwe Mungu, huyu amechukua kwa bibi yake, atakuwa mweupe mweupe hivi, hatapata shida. Tuliangaliana. Mkewe, ambaye alikuwa mweusi kama sisi, aliendelea kukoroga uji.

Sasa nifike kwa mama yangu.

Mama aliishi Suji, juu, kwenye baridi, na hakuwahi kupigwa picha. Alisema mpiga picha humwambia mtu mzima akae bila kutikisika, na yeye kazi hiyo ataifanya siku moja tu na hatarudia. Alipokuwa msichana alishuka Same pamoja na wanawake wengine wakati wa mgomo wa kodi ya mbiru, ule ambao wazee wetu walikaa chini wakamgomea mkoloni. Alibeba ndizi mbichi mgongoni kuwapelekea wanaume waliokaa, na alipozitua, akakaa na yeye. Hakuwa na habari nyingi zaidi ya hizo. Ukimwuliza ilikuwaje, alijibu kwamba jua lilikuwa kali na hapakuwa na pa kujisaidia.

Mwalimu alizisikia habari hizo kwangu akapanda Suji na ubao wake wa kuchorea. Alisema historia ya mtu mweusi haianzi ng'ambo, inaanza jikoni kwa mama yangu. Mama alikubali kwa sharti kwamba aendelee kuchagua maharage. Mwalimu alimchora akiwa ameinamia ungo, kisha akamwomba ainue uso, na alipouinua, na lile kunyanzi lake chini ya jicho la kushoto lililoingia kama mfereji wa shamba, Mwalimu aliacha penseli akakaa akimtazama tu. Kisha aliomba masizi. Mama akamwambia akwangue dari yote ya jiko akitaka, itamsaidia kupata nafasi. Mwalimu alijaza kopo, na weusi alioutumia kumchapa mama ulikuwa wa moshi wa makande ya mama mwenyewe.

Bango lile lilikuwa bora kuliko yote aliyowahi kufanya. Mama anatazama moja kwa moja, ungo mikononi, hana tabasamu wala hasira, na chini yake maandishi: ALIKAA HADI WAKASIKIA. Nakala moja ilibandikwa sebuleni kwetu. Watu walipanda kutoka vitongoji vya chini kuja kuitazama, na mama alikuwa akiwapitishia chai akilalamika kwamba wanamchafulia sakafu. Nilimwona siku moja, akidhani yuko peke yake, akijilinganisha kwenye kioo kidogo. Aligusa kunyanzi la kwenye karatasi, kisha la kwenye uso.

Kisha zikaja enzi za ruksa. Maduka yalijaa ghafla. Ikaja mitumba, zikaja redio, ikaja sukari hata ukaidharau, na ikaja sabuni. Miaka yote tuliomba sabuni, na ile iliyokuja na kelele nyingi kuliko zote ilikuja kututoa rangi. Ilikuja pamoja na ndugu zake, krimu za vichupa na losheni zenye harufu ya matunda yasiyoota popote. Pale zahanati nilianza kupokea nyuso. Wanawake wenye mashavu yaliyoiva, wenye ngozi inayotoka majimaji, wakificha kwa mtandio, wakisema wameungua na mvuke wa chai. Viungo vya vidole vinabaki vyeusi huku mkono mzima umekuwa wa rangi ya papai. Jasho likichanganyika na mkorogo lina harufu yake, na katika joto la Same harufu hiyo ilinifuata hadi kitandani. Nilikuwa nikiwasafisha huku nimeuma meno, si kwa kuwachukia wao.

Siku moja mama alishuka kwa ajili ya miguu yake. Nikamtoa zahanati, tukapitia sokoni atafute chumvi. Mbele ya duka moja kubwa jipya palikuwa na bango, jipya pia, rangi bado zinang'aa. Mwanamke kijana, mweupe wa kupauka, anatazama moja kwa moja, kashikishwa kipande cha sabuni mahali pa ungo. NG'ARA UONEKANE, ndivyo ilivyoandikwa. Nilipita. Mama hakupita. Alisimama katikati ya watu, kapu mkononi, akatazama kwa muda mrefu sana, na mimi nikarudi kumshika mkono, na nikiwa namshika ndipo nilipotazama kwa mara ya pili.

"Wamenimenya," mama alisema.

Alisema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida, kama anavyosema mtu kuhusu ndizi. Kisha akauliza chumvi iko wapi.

Nilimpandisha gari la Suji, nikaenda moja kwa moja karakana. Mwalimu alikuwa anakula. Sasa palikuwa na madebe ya wino wa dukani, yamepangwa, na hapakunuka tena muhogo uliochacha, palinuka spiriti. Sikumwamkia. Kwetu kumwingilia mwalimu wako nyumbani kwake bila shikamoo ni kama kumvua kofia kwa fimbo, naye aliona, akaacha kutafuna. Nikamwuliza amefanya nini na uso wa mama yangu.

Hakukana. Hilo ndilo lililonichefua kupita yote, kwamba hakuona cha kukana. Alieleza kama mwalimu anayeeleza somo. Mwenye duka alitaka uso wa mwanamke, haraka, kabla ya siku ya gulio. Fremu zote nyingine zilikuwa zimeoshwa kwa kazi mpya, isipokuwa za mama, ambazo hakuwa ameweza kuziosha. Alisema hivyo kwa uchungu, na nadhani ilikuwa kweli, kwamba kila aliposhika spiriti kuziosha alishindwa. Kwa hiyo zilikuwepo. Kama angempenda mama kidogo kuliko alivyompenda, angekuwa ameshamwosha zamani, na sabuni ingetafuta uso mwingine.

"Sikuongeza kitu, mwanangu," alisema. "Nilichora kipande cha sabuni na maneno, basi. Uso sikuugusa. Sikuvuta nyeusi tu."

Nikatazama mikono yake. Ugali ulikuwa umekauka vidoleni. Nilitoka nje nikatapika kando ya reli, na sioni aibu kulisema hilo.

Wapare tunataniwa kwamba tutauza ng'ombe tushinde kesi ya kuku. Baba mdogo, ambaye kesi kwake ni kama mechi ya mpira kwa wengine, alishavaa koti. Alitaka twende baraza la kata, na tukishindwa twende mahakama ya mwanzo, na tukishindwa tupande, akaniapia kwamba uso wa mtu ni mali kama shamba na una mipaka. Mimi nilikuwa tayari. Mama akakataa. Alimwuliza shemeji yake atamwambia nini hakimu. Kwamba wamemfanya mzuri? Kwamba wamemrudishia ujana? Watu wote baraza zima watageuka wamtazame alivyo, kisha watazame karatasi, kisha wamtazame tena. Baba mdogo akavua koti.

Jioni ileile mama alilibandua bango lake la sebuleni, lile la kweli, akaliwashia moto wa makande. Nilipomwuliza, alisema hawezi tena kulitazama bila kumwona yule mwingine chini yake, akisubiri.

Tangu siku hiyo sikumpa Mwalimu shikamoo. Tulikutana mara nyingi, Same si kubwa. Nilimtazama usoni nikapita. Wazee wenzake walinikemea, nesi mzima hana adabu. Hata mama alinikemea. Alisema shikamoo ni haki ya umri, mtu haipati kwa tabia wala hainyang'anywi kwa tabia, na kama tungewaamkia wenye tabia njema tu, Same ingekuwa kimya. Yeye mwenyewe, ambaye Mwalimu alikuwa mdogo kwake, alipokea shikamoo zake na kuitikia marahaba bila kinyongo. Mimi sikuweza. Kila nilipotaka kufungua mdomo nilisikia harufu ya mkorogo.

Naye aliendelea kustawi, kwa namna fulani ya kustawi. Vyama vingi vilipokuja, alichapa kofia na fulana za kila aliyekuja na kitambaa. Asubuhi alichapa za hawa, jioni akachapa za wale, kwa fremu ileile iliyooshwa mchana. "Wino hauna chama," alikuwa akisema, na watu wakacheka, wakairudia kama tulivyokuwa tukirudia ile nyingine. Alikunywa. Mkewe alirudi kwao, na yule binti wa sikio jeupe akaenda zake Arusha. Baadaye zikaja mashine mjini, picha inatoka kwenye kompyuta imekamilika, na wateja wakamwacha Mwalimu, na madebe yake yakakauka.

Mama alifariki msimu wa tangawizi, akiwa amekaa, ungo mapajani. Jeneza lilikuwa lifuatwe Same, maziko kesho yake. Watu walipokuja kutoka mbali, ikaonekana hatuna picha. Siku hizi jeneza lisilo na picha juu yake watu wanalitazama kama gari lisilo na namba. Ndipo binamu yangu wa Dar es Salaam, mtu mwema, mwenye nia safi kabisa, akafungua mkoba akatoa kitu alichokihifadhi miaka yote ndani ya nailoni. Lilikuwa lile bango la duka. Alikuwa ameyakata maneno kwa mkasi, na kipande cha sabuni amekikata pia, akabakisha uso na mabega. Alikuwa ameshalitia kwenye fremu ya dhahabu. Shangazi zangu wakalipokea, wakalitazama, wakasema jamani, alikuwa mzuri huyu. Wakaanza kulia juu yake.

Nililichukua mikononi mwao. Kulikuwa na vilio, na baba mdogo alidhani msiba umenipanda kichwani. Nikawaambia hakuna atakayemzika mama yangu akiwa amemenywa, nikapanda gari lililokuwa linashuka kufuata jeneza.

Wakati fundi anamalizia kupiga vanishi jeneza, nikaenda upande wa reli.

Karakana ilikuwa na mlango nusu. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, amekuwa mdogo, ile mikono imewekwa magotini, mabaka yamepanda hadi kwenye viwiko. Sikumwamkia. Alisema amesikia, pole sana. Nikamwambia nimekuja kutaka sura ya mama.

"Fremu ya mwanga niliiosha," alisema. "Ya udongo pia niliiosha, nichapie kofia. Nimebaki na nyeusi peke yake."

Alinyoosha kidole dirishani. Fremu ilikuwa imepigwa misumari pale kuzuia mbu. Kitambaa kilikuwa kimejaa vumbi na mabawa ya wadudu. Mama yangu amewekwa azuie mbu. Lakini jua la mchana lilikuwa linapita kwenye kitambaa, na pale palipoachwa bila vanishi palikuwa na mwanga, na niliona kwamba kiti chake kilikuwa kimegeuzwa kuelekea hapo. Sikuuliza. Sikutaka kujua kitu ambacho kingenilazimisha kumhurumia.

Tuling'oa misumari pamoja. Nilikiosha kitambaa mimi, kwa maji, polepole, alivyoniongoza. Wino haukuwepo, madebe yote yalikuwa mawe. Akachukua sufuria yake jikoni, akaipindua, akaanza kuikwangua kwa kijiko, na masizi yakawa yanamwagika, nikamnyang'anya kijiko nikakwangua mwenyewe. Tulipika uji wa muhogo. Tukakoroga. Nililaza fremu juu ya karatasi nyeupe, nikamimina, naye akashika kibao. Akakitazama. Akanipa mimi.

"Mara moja," alisema. "Usirudie."

Nilivuta. Akaninyanyulia fremu kwa upande mmoja, mimi kwa upande wa pili.

Nilitegemea kuona vipande, kivuli tu, kitu cha kubahatisha. Mama alikuwa pale mzima. Hakuwa na rangi ya mwanga chini yake wala ya udongo, alikuwa na weusi na karatasi basi, na karatasi yenyewe ikawa mwanga wa kipaji cha uso wake. Hata macho, yaliyokuwa ya fremu iliyooshwa, yalikuwepo, kwa sababu weusi ulikuwa umeyazunguka pande zote ukayaachia mahali pake. Kunyanzi lilikuwepo, chini ya jicho la kushoto. Chini yake: ALIKAA HADI WAKASIKIA. Wino ulikuwa bado unang'aa kwa umajimaji, na ulinuka moshi wa chakula.

Mwalimu alisimama ubavuni kwangu. Nilisikia pumzi yake, na harufu yake, ambayo haikuwa imebadilika. Nadhani alikuwa anasubiri nimwambie ahsante, na nadhani alistahili, na sikuwa nayo.

Nikainama kwenye meza.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Nilipogeuka, Mwalimu alikuwa ameshafungua mdomo, kwa mazoea ya ualimu, ya miaka yote ya kuamkiwa, aitikie. Alinitazama, akaitazama karatasi, akaufunga.